Rozari na Kadi ya Kliniki: Kwa Vikundi vya Uhai Kando ya Ziwa

Ujumbe ulioingia wiki hii umetoka kwa katibu wa presidiamu (kikundi cha msingi) moja ya Legio Maria, chama cha kitume cha Kikatoliki, kwenye mwalo wa wavuvi upande wa Sengerema. Kikundi chao kilisali rozari mwezi mzima wa Oktoba kwa ajili ya watoto walio tumboni. Sanamu ya Mama ilipambwa maua, jumuiya zilijaa, nyimbo zikasikika mpaka majini. Msichana mwenye mimba hakuja hata mmoja, ingawa mwaloni wapo na wanajulikana kwa majina. Katibu anauliza wamekosea wapi.

Mmelisali Tendo la Furaha la pili, Maria kumtembelea Elizabeti, hamjalifanya. Elizabeti hakuitwa Nazareti kuja kusikiliza mafundisho. Maria ndiye aliyekwenda milimani kwa haraka, akaingia ndani, akasalimu, akakaa. Na Luka ametuachia hesabu yake: malaika alipoleta habari, Elizabeti alikuwa katika mwezi wa sita (Lk 1:36), na Maria alikaa naye kama miezi mitatu (Lk 1:56). Sita na tatu ni tisa. Ile ziara ilishika mimba ikiwa kubwa, ikaipeleka mpaka ukingoni mwa kujifungua. Zakaria, kuhani na mwenye nyumba, alikuwa bubu muda wote huo, na nyumba haikuharibika. Wazee wa jumuiya wanaopenda kutoa mausia warudie kusoma hapo.

Kwa hiyo kipimo tunachowapa vikundi ni hiki: msichana mmoja, wageni wawili, miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kisha arobaini ya mtoto. Hicho ni kiwango cha chini. Mkijua mapema, nendeni mapema, maana wiki za kwanza ndizo za hofu, ndipo anaposhauriwa kila kitu na kila mtu. Lakini msiahidi msichoweza. Kikundi cha watu kumi kinaweza kuwabeba wasichana watano kwa wakati mmoja, basi. Kinachowachukua kumi na watano humwona kila mmoja mara moja, na msichana aliyetembelewa mara moja hujiona amepelelezwa.

Kwa nini tunang'ang'ania ziara? Kwa sababu ndivyo ibada ya Maria ilivyoishi kwa masista wenyewe, ingawa watu hudhani utetezi wao wa uhai ni mabango na maandamano. Hadi mwaka 1936 mtawa hakuruhusiwa kufanya kazi ya ukunga. Ruhusa ilitoka Roma tarehe 11 Februari mwaka huo, kwa waraka Constans ac Sedula, baada ya wamisionari kulalamika kwamba akina mama wanakufa na masista wamesimama mlangoni. Mwaka uliofuata Marie Martin, mwanamke wa Dublin, alianzisha shirika la Medical Missionaries of Mary akiwa mgonjwa kitandani huko Nigeria, na fumbo alilolishika lilikuwa ni hilo la Maria kwenda kwa Elizabeti. Kwa hapa Tanzania shirika hilo linajulikana Makiungu, Singida. Kule New York, tarehe 1 Juni 1991, Kardinali John O'Connor alianzisha Sisters of Life. Hao wana nadhiri ya nne juu ya useja, ufukara na utii: kulinda na kukuza utakatifu wa uhai wa binadamu. Kazi yao ya kila siku ni kupokea simu, kukaa na mjamzito, kumtafutia pa kulala. Mtu akipita nje ataona ni kazi ndogo.

Masista wa huku kwetu hawana nadhiri ya nne, wana zamu ya usiku. Tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Bukumbi mwaka 1883, hospitali na zahanati za Kanisa zimezalisha akina mama wengi wa kanda hii ya ziwa, na mpaka leo utamkuta mtawa leba akiwa na gauni la plastiki juu ya kanzu yake. Bado hakosi mtu wa kusema kwamba masista hawajazaa, watajua nini. Maneno hayo husemwa mchana, kwenye vikao. Saa nane usiku, mlango wa leba ukigongwa, hakuna anayeyakumbuka.

Haya, tuingie kwenye kazi.

Mwaloni kalenda inayotawala ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa za kuwavuta. Mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, na kambi hupumzika siku kadhaa. Wakati wa giza wanawake huamkia kupokea dagaa alfajiri, wanaanika, wanageuza, wanakimbizana na wingu. Mkipanga rozari Jumamosi saa moja asubuhi, mmemtaka msichana achague kati ya Salamu Maria na mlo wa siku. Mafundisho marefu na ziara za nyumbani ziwekwe siku za mbalamwezi. Wakati wa giza wafuateni kwenye vichanja, saa kumi jioni dagaa wakianuliwa. Saidieni kuanua, salini kumi moja la rozari (Salamu Maria kumi) kama wenyewe wanataka, ondokeni. Anayechukua ndoo kwanza hukaribishwa kuliko anayetoa kitabu cha nyimbo kwanza.

Nendeni wawili wawili, kama Legio Maria inavyowaagiza askari wake tangu mwanzo wake Dublin mwaka 1921. Mmoja awe mama aliyezaa, mwingine awe kijana wa kike, wasiwe wa ukoo wa msichana. Mwanamume asiende ziara ya kwanza. Msivae sare ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wala beji. Nyumba za mwaloni zimebanana, na sare mbili mlangoni zimeshatangaza mimba kambi nzima. Maswali matatu msiyaulize: mimba ni ya nani, umri wake, na kama alifikiria kuitoa. Akitaka kusema atasema. Swali la kuanzia ni moja: umekula nini leo?

Daftari la kikundi liwe na herufi tu, bila majina, na abaki nalo mtu mmoja. Ripoti ya kikao isome hivi: "A, wiki ya 30, kliniki amekwenda, chandarua anacho." Yanayosikika nyumbani kwake hayaingii kwenye ripoti, hata mbele ya paroko. Vikundi vingi vimekufa hapa. Habari ya msichana ikishatoka kwenye kikao cha jumuiya ikafika kwenye mashine ya kusaga, hamtampata yeye wala wenzake watano waliokuwa wanamtazama.

Sasa rozari yenyewe. Ushauri wetu ni kwamba msigawe za kununua, mzifunge pamoja naye. Sababu ya kwanza ni fedha. Ya pili ni kubwa zaidi: msichana asiyetazamwa usoni huongea, na mtu anayefunga fundo haangalii uso wa mtu. Kando ya ziwa malighafi ipo tele. Ni uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, namba 36 au unaokaribia huo, kwenye maduka ya zana za uvuvi. Kata mita 6 na nusu kwa rozari moja, kuna kipande kitabaki. Uzi mwembamba hutoa fundo lisiloshikika, na mnene hula mita nyingi ukakupa kitu kizito kama kamba ya nanga.

Rozari ina vituo 59: Salamu Maria 53 na Baba Yetu 6. Choma ncha zote mbili kwa kiberiti ili nyuzi zisifumuke, na usizishike mpaka zipoe, nailoni iliyoyeyuka huganda kwenye ngozi. Acha sentimita 15 mwanzoni. Fundo la Salamu Maria hufungwa hivi: zungusha uzi kwenye kidole cha shahada mara tatu, mizunguko ikae kando kwa kando, pitisha ncha ndefu chini ya mizunguko yote mitatu, kati ya uzi na kidole, chomoa kidole, vuta pande zote mbili polepole huku ukisukuma mizunguko kwa ukucha ikae sambamba. Litatoka fundo la mviringo kama pipa dogo. La Baba Yetu ni hivyo hivyo, mizunguko ikiwa minne. Wanaojua kushona nyavu huikunja ile ncha ndefu kwenye sindano ya nyavu, wanamaliza kwa nusu ya muda.

Funga mafundo kumi, acha nafasi ya upana wa kidole, funga moja la Baba Yetu, acha nafasi tena, endelea mpaka makumi matano yakamilike. Kwenye duara kutakuwa na mafundo manne ya Baba Yetu, hakuna la tano. Hapo pa tano ndipo ncha mbili zinapokutana na kufungwa pamoja. Kata ile fupi, ichome. Kwenye ile ndefu shusha Baba Yetu moja, Salamu Maria tatu, Baba Yetu moja, kisha msalaba wa kijiti au wa uzi wenyewe.

Yanayoharibika ni machache na yanajirudia. Mizunguko ikipandana, fundo linakuwa nundu. Lifungue kabla hujakaza, likishakazwa halifunguki. Fundo likivutwa kwa nguvu mara moja, hukimbia mbali na mwenzake na kumi lako litakuwa na mapengo. Mafundo kumi na moja kwenye kumi moja ni kosa la kila mtu anayeongea huku akifunga, basi mwenzake awe anahesabu. Nafasi pande mbili za Baba Yetu zikisahauliwa, rozari haisaliki gizani, na watu wengi wa mwaloni husali gizani. Uzi mpya huteleza, kwa hiyo kesho yake pitia fundo kwa fundo ukikaza tena. Rozari ya namna hii haishiki kutu, haikatiki kwa maji ya ziwa. Ifungeni pamoja na kijana aliyempa msichana mimba, kama anajulikana na hajakimbia. Wavuvi wana aibu ya kanisani lakini uzi wanauelewa.

Siku za matendo mnazijua: Furaha ni Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Mwanga Alhamisi, Utukufu Jumatano na Jumapili. Kwa mjamzito mchovu msimpe rozari nzima. Kumi moja linatosha, na Malaika wa Bwana saa sita mchana, ambayo ni dakika tatu. Sala hiyo yote inahusu mimba: Maria alipokea habari, akakubali, Neno akatwaa mwili. Wale wanaotaka sala ya miezi tisa kwa ajili ya mtoto mmoja wasiyemjua, aliye katika hatari ya kutolewa, waanze tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari, wamalize Noeli. Ni sala ya sentensi moja au mbili kwa siku, inamfaa hata mgonjwa asiyeweza kutembelea mtu.

Kadi ya kliniki ndiyo kitabu cha pili cha kikundi chenu. Ziara ya kwanza kliniki iwe kabla ya wiki ya 12, na Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mjamzito aonane na mtoa huduma mara 8. Siku ya kwanza hupimwa damu kwa VVU, kaswende, kundi na wingi wa damu, hupimwa mkojo na shinikizo, na hutakiwa kupewa chandarua chenye dawa. Kikwazo cha wasichana ni neno "njoo na mwenza wako". Baadhi ya vituo humrudisha asiye na mwenza akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji au mtaa. Msisubiri arudishwe. Barua itafutwe siku moja kabla, na mmoja wenu aende naye, akae naye kwenye benchi mpaka mwisho. Akirudishwa mara moja peke yake, mara nyingi hatakwenda tena hadi uchungu umshike.

Mambo ya dawa yanahitaji macho. Vidonge vya kuongeza damu hugeuza choo kuwa cheusi na hutia kichefuchefu, na wengi huviacha kimya kimya wakidhani wamedhurika. Mwambieni mapema. Avimeze usiku baada ya kula, asivishushe kwa chai, chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Dawa ya kuzuia malaria, SP, huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza na hurudiwa kila baada ya mwezi, angalau mara 3. Anayetumia septrini kwa sababu ya VVU hapewi SP, kwa hiyo asinunue dukani. Na kwa kuwa anaishi kando ya ziwa, anaoga na kuchota humo, amtajie muuguzi habari ya kichocho. Dawa yake inaweza kutolewa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza, ila muuguzi asipoambiwa huenda asiulize.

Dalili za hatari zikaririwe kama Salamu Maria, na mume, mama mkwe na mwenye nyumba wazijue pia: damu ukeni, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Ikitokea moja, hakuna kusubiri asubuhi wala kumaliza rozari. Piga 115, namba ya bure ya m-mama. Mpango huo wa usafiri wa dharura ulianza kujaribiwa kanda hii hii, Sengerema pakiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, tarehe 19 Juni 2025, gari la mgonjwa kutoka Sengerema halikeshi tena likisubiri kivuko kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Visiwani hali ni nyingine. Kwa walio kwenye kisiwa chochote kisicho na upasuaji, mama ahamie karibu na hospitali ikifika wiki ya 37, kwa ndugu au kwa mwanakikundi. Usiku wa upepo hakuna nahodha mwenye akili atakayeondoka, na akiondoka ndiyo mbaya zaidi.

Mfuko wa kujifungulia uwe tayari wiki ya 34. Huduma ya uzazi katika vituo vya serikali ni bure kisera, lakini vifaa huisha, na msichana mwoga huona aibu kwenda mikono mitupu. Weka glovu za upasuaji jozi 5, mpira wa kutandika mita 2, pamba kubwa 1, vibana kitovu 2, wembe mpya 2 ambao haujafunguliwa, kanga safi doti 2, pedi za uzazi pakiti 2, beseni, sabuni ya kipande. Kwa mtoto: kofia, soksi, nguo jozi 3, blanketi la kumfunika kichwa mpaka miguu. Kanga zifuliwe na zipigwe pasi, hata kama ni mpya. Sindano ya kuzuia damu msinunue wenyewe. Inahitaji baridi, na ya kwenye begi juani haina kazi. Kibubu cha kikundi kijazwe kwa mifuko hii kabla ya kununua kitambaa kingine cha sare. Tumeona sare nyingi kando ya ziwa hili.

Mkunga, na yeyote atakayekuwepo, ajue ubatizo wa dharura. Mtoto akizaliwa dhaifu na kuna hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa anaweza kubatiza. Maji yatiririke juu ya kichwa, huku yule yule anayemimina akisema: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya ndoo, ya chupa, ya ziwa, yote ni halali. Kulowesha pamba na kugusisha kunatia mashaka. Kusema "tunakubatiza" kunabatilisha kabisa. Vatikani ilitamka hivyo Agosti 2020, na waliobatizwa kwa neno hilo ilibidi wabatizwe upya. Paroko aarifiwe ili aandike kitabuni. Mtoto aliyefariki kabla ya kubatizwa, ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza, anaweza kuzikwa kwa ibada ya Kanisa kwa ruhusa ya askofu (kanuni 1183 ya Sheria za Kanisa). Msikubali mama aambiwe "huyo hana mazishi" na mtu asiyejua sheria.

Tunafika kwenye jambo ambalo vikundi huliogopa: yule ambaye tayari ametoa mimba, au amekunywa kitu na damu haikati. Hospitali kwanza. Huduma baada ya mimba kuharibika inatolewa kihalali, hata kwenye vituo vingi vya afya, na kuchelewa kwa saa chache huua. Mwambieni amtajie daktari alichotumia, na msikae mlangoni mkimlilia aungame akiwa bado anavuja damu. Kitubio kitakuja, na mlango wake ni mpana kuliko wengi wanavyotangaza. Tangu 20 Novemba 2016 kila padri, popote alipo, amepewa na Papa Fransisko uwezo wa kuondoa dhambi hiyo katika maungamo. Hakuna kutafuta askofu. Ambaye hajatimiza miaka 16 hafungwi kabisa na adhabu ya kutengwa na Kanisa, na aliye chini ya 18, au aliyesukumwa na hofu kubwa, haimpati adhabu ile inayojifunga yenyewe (kanuni 1323 na 1324). Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Evangelium Vitae, uliotoka Machi 25, 1995, alizungumza na wanawake hao moja kwa moja, katika namba 99, kwa upole ambao ungefaa kusomwa kila jumuiya mara moja kwa mwaka. Badala yake tunasoma orodha ya wasiolipa.

Shule nayo. Msichana aliyekatishwa masomo kwa mimba anaruhusiwa kurudi: serikali ilitangaza hivyo tarehe 24 Novemba 2021, na upo Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo. Nendeni na mzazi wake kwa mkuu wa shule kabla ya kujifungua, jina lisifutwe kimya kimya, na mpange nani atabaki na mtoto saa za masomo. Mtoto asiye na pa kukaa ndiye anayemrudisha mama yake mwaloni, waraka upo au haupo.

Tarehe za kuonekana hadharani zipo: 31 Mei, sikukuu ya Maria kumtembelea Elizabeti, 8 Desemba, Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, na 28 Desemba, Watoto Mashahidi. Fanyeni misa, maandamano, rozari ya mishumaa ufukweni. Jambo moja msifanye kamwe: kumsimamisha msichana mbele ya altare atoe ushuhuda wa jinsi alivyookolewa. Watu watapiga vigelegele, na wiki ijayo ataitwa jina kisimani. Mtoto wake atakua akisikia kwamba nusura atolewe. Anayetaka ushuhuda atoe wa kwake, asikope wa mtoto wa mwenzake.

Na mtoto akishazaliwa ndipo tunapojulikana kama ibada yetu ilikuwa ya kweli. Yule yule mwenyekiti wa jumuiya aliyeongoza rozari ya uhai huikunja barua ya ubatizo kwa sababu mama hana ndoa, hajalipa zaka, au hajatubu hadharani. Tunasema bila kuficha: hiyo ni dhuluma, na inafanywa na watu wenye rozari shingoni. Mtoto mliyemwombea miezi tisa hadaiwi na mtu. Kanuni 868 inadai mambo mawili tu: mzazi mmoja akubali, na liwepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Mzazi mmoja. Na tumaini hilo ninyi ndio mnaolibeba. Mmoja wa wale wageni wawili awe msimamizi wake, mradi ametimiza miaka 16, amepata kipaimara na ekaristi, na anaishi imani yake (kanuni 874). Msimamizi mmoja anatosha.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa chini ya miaka 5 kifuatiliwe wakati huo huo, zahanati alikozaliwa au ofisi ya kata, kwa kuwa hutolewa bure. Ofisi ya parokia nayo ina swali lake, na wasichana hukimbia kwa ajili yake tu: jina la baba. Kanuni 877 inasema jina la baba asiye na ndoa na mama huandikwa pale tu ubaba unapothibitishwa na hati ya serikali, au mwanamume mwenyewe anapotamka mbele ya paroko na mashahidi wawili. Vinginevyo nafasi ya baba huachwa wazi na ubatizo unaendelea. Mama halazimiki kumtaja mtu. Mwambieni hilo mapema, kwenye ziara za arobaini, kabla hajaketi mbele ya karani akiwa na mtoto mapajani.